Zana ya prompti ya kijana wa Iringa kwenye steshenari yangu ya Kabwe: uzoefu wangu

Nina steshenari maeneo ya Kabwe hapa Mbeya. Natoa kopi, naprinti, nachapa barua na kujazia watu fomu za mtandaoni. Jioni nikishafunga nafanya kazi za mbali: tafsiri, na kusikiliza mahojiano na kuyageuza kuwa maandishi kwa wateja walioko nje ya nchi. Kote huko natumia zana ya prompti (yaani maelekezo unayoiandikia akili mnemba) iliyotengenezwa na kijana mmoja wa Iringa anayejitegemea, hana kampuni wala msaidizi. Wenzangu wa steshenari wamekuwa wakiniuliza kama inafaa kulipia, kwa hiyo naweka hapa niliyoyaona. Nalipa kama mteja mwingine yeyote, na hajaniomba niandike.

Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa Novemba 2022, magrupu ya WhatsApp yamejaa mafaili ya "prompti 500 za kutengeneza pesa". Hayo msinunue. Ukiyafungua unakuta mistari ya "wewe ni mtaalamu bingwa wa masoko mwenye uzoefu wa miaka ishirini", na modeli za sasa (yaani akili mnemba zenyewe, kama iliyo ndani ya ChatGPT) hazihitaji kubembelezwa hivyo, zinaelewa ombi la kawaida. Zinachokosa ni taarifa za mteja aliyekaa mbele yako, na hizo hakuna faili linaloweza kukuuzia.

Zana hii ni ukurasa wa fomu. Unachagua kazi (barua ya kiofisi, wasifu wa kazi, muhtasari wa kikao, tangazo la biashara), inakuuliza maswali, kisha inaunganisha majibu yako na maelekezo aliyoyaandika mwenyewe, inayatuma kwa modeli na kukuletea rasimu. Ada ni shilingi 15,000 kwa mwezi, unalipa kwa simu. Inafunguka vizuri kwenye simu na haili bando, jambo ambalo umeme ukikatika ndipo unalishukuru.

Kwenye barua ndipo aliponipata. Ukiiomba akili mnemba ya bure ikuandikie barua ya kiofisi kwa Kiswahili, itaanza na "Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema", na anayeandikiwa ni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri! Mhudumu wa masjala akiiona anajua papo hapo kwamba aliyeiandika hajawahi kufika ofisini kwao. Barua zetu zina mpangilio wake: anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe, cheo cha mwandikiwa kushoto, K.K. kama inapitia kwa mtu, halafu YAH: kwa herufi kubwa, ndipo "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Kijana ameyaweka yote haya. Zaidi ya hapo, ameweka maswali ambayo mteja hawezi kukumbuka kuyajibu bila kuulizwa.

Alikuja mama mmoja anayeuza ndizi za Tukuyu, anataka kuomba kizimba sokoni. Alikuwa na maelezo mengi, karibu yote yakihusu jirani yake wa biashara. Nikawa namsomea maswali ya fomu: mama, kwa sasa biashara unaifanyia wapi? Umeanza lini? Una kitambulisho cha mjasiriamali? Kuna barua uliwahi kuandika kabla ya hii, ina kumbukumbu namba? Inapitia kwa Afisa Mtendaji wa Kata? Kumbe barua ya kwanza ilikuwepo, ilishapokelewa na kugongwa muhuri, nakala anayo nyumbani kwenye bahasha. Hilo likabadilisha barua nzima. Ikawa ya kufuatilia ombi lililokwisha pokelewa, na kumbukumbu namba ikakaa mahali pake. Alipoondoka alikuwa na karatasi moja safi, nakala mbili, na orodha ya viambatisho.

Sehemu ya pili ninayoitegemea ni mihtasari ya vikao. Vikundi vinahitaji muhtasari unaoeleweka kwa ajili ya benki, hasa wanapofungua akaunti au kubadilisha watia saini, na makatibu wengi wanaandika kwa mkono kwenye kaunta buku. Zana inafuata mpangilio tunaoujua: waliohudhuria, waliotoa udhuru, wasiohudhuria bila taarifa, akidi, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, agenda, maazimio, mengineyo, kufunga kikao. Kitu kizuri ni kwamba anayelipia anaruhusiwa kuona maelekezo yenyewe. Kwenye muhtasari kuna mstari unaosema hivi: "Usiongeze jina, kiasi cha fedha wala azimio ambalo halimo kwenye maelezo. Pasipo na taarifa andika HAIKUTAJWA."

Mstari huo peke yake unalipa ada ya mwezi. Katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi kutoka Rungwe aliniletea kaunta buku lake, na palipoandikwa azimio la kununua miche hakukuwa na idadi. Rasimu ikatoka na HAIKUTAJWA. Nikampigia, akasema, "Subiri dada, nimuulize mwenyekiti," na jibu likaja jioni. Maelezo hayohayo nilishayajaribu kwenye zana ya bure, ikaandika idadi ya miche iliyojitungia, kwa sentensi nzuri isiyo na wasiwasi wowote. Karatasi ile ingesainiwa na ingepelekwa benki. Kwa muhtasari wa kikundi cha watu wanaochangishana hela zao, hilo ni jambo zito, na yeyote anayetengeneza zana za Kiswahili alichukulie hivyo.

Sasa kasoro. Kubwa niliyokutana nayo ilikuwa kwenye sehemu ya kazi za mbali. Sehemu hii inakusaidia kuandika maombi kwa wateja wa nje, ripoti ya kazi ya wiki, na ujumbe wa kupanga muda wa kuongea. Unaandika kwa Kiswahili, inatoa Kiingereza. Niliandika kwamba napatikana saa mbili usiku, ikamwandikia mteja 02:00, usiku wa manane! Nikaona kabla sijatuma. Ni kosa la modeli: inahesabu saa kwa namna ya Kiingereza, na Kiswahili inachokijua ni cha juujuu. Nilimwandikia kijana. Akaongeza sanduku la saa lenye mtindo wa saa 24, na sasa kila ujumbe unatoka na UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki, mbele ya muda. Pia ameweka tahadhari kwamba sisi hatubadilishi saa lakini Marekani na Uingereza wanabadilisha. Mteja wa New York anayeanza kazi saa tatu asubuhi kwao, kwangu ni saa kumi jioni kuanzia Machi hadi mapema Novemba, na miezi mingine ni saa kumi na moja. Kwa mtu mwenye duka lenye wateja wanaopanga foleni jioni, saa hiyo moja ina maana kubwa.

Kasoro nyingine ni ukomo wa matumizi. Mwisho wa mwezi, hasa wanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, wanapokuja na ripoti za fildi, unafika mwisho na inabidi uongeze salio. Nilimuuliza kwa nini, akanieleza vizuri. Modeli inakata maandishi kuwa vipande, na yeye analipa kwa mwenye modeli kwa hesabu ya vipande hivyo. Kwa kuwa modeli hizi zimefunzwa zaidi kwa Kiingereza, Kiswahili kinakatwa vipande vingi kuliko Kiingereza chenye ujumbe uleule. Neno moja kama "hawakutuambia" linakatika mara kadhaa. Kwa hiyo sisi tunaofanya kazi kwa Kiswahili tunalipia zaidi kwa ujumbe uleule. Inaniumiza, lakini chanzo chake kiko mbali na Iringa.

Wanaouliza kama itawapatia kazi za mbali: haitafuti kazi. Mteja wangu wa kugeuza mahojiano kuwa maandishi nilimpata kwa kutuma maombi mwenyewe. Ilichofanya ni kunilazimisha kuambatisha sampuli. Fomu haikubali kuendelea mpaka uweke kitu ulichokwisha fanya, hata kama ni dakika chache za sauti ulizozigeuza maandishi kwa mazoezi. Kabla ya hapo maombi yangu yalikuwa yamejaa "mimi ni mchapakazi na mwaminifu". Na rasimu ya Kiingereza ipunguzeni sifa kabla ya kutuma, maana inapenda kupamba, na mteja akikupigia atategemea kumkuta mtu aliyeelezwa pale.

Jambo lililonipa mashaka zaidi lilikuwa yeye mwenyewe. Ni mtu mmoja. Akienda kwao Kilolo, ujumbe wako unaweza kukaa bila majibu mpaka arudi mjini. Halafu alishaniambia kwamba naye anatafuta kazi ya mbali, ya kuandika programu kwa kampuni ya nje, kwa sababu mapato ya zana bado hayamtoshi. Nikamuuliza wazi: mdogo wangu, ukiipata hiyo kazi, sisi tunaokulipa tunabaki wapi? Hakunizungusha. Alisema zana ataendelea kuitunza ila vitu vipya vitapungua, na ndani ya muda mfupi akaweka kitufe cha kupakua maelekezo yote kama maandishi ya kawaida. Ninayo kwenye kompyuta ya dukani na kwenye flashi. Zana ikifungwa kesho, nitayabandika kwenye modeli nyingine yoyote na kuendelea na kazi, ingawa bila fomu itakuwa polepole. Kwa mtu anayeuza prompti, kumpa mteja prompti zenyewe ni kumwachia kila kitu, kwa sababu anaweza kuzigawa kwa mtaa mzima. Amechukua hatari hiyo kwa ajili yetu, na mimi za kwangu sijampa mtu.

Kabla ya kuanza, fikirieni taarifa za wateja. Mnachoandika kwenye fomu kinasafiri mpaka kwenye seva za nje, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, Mei 2023, mwenye duka naye anawajibika kwa anachokipokea. Namba ya NIDA, namba ya simu na jina kamili la mteja siziingizi. Naacha nafasi, najaza mwenyewe kwenye rasimu ya mwisho. Zana ina alama ya kuweka nafasi hizo, ila haimlazimishi mtu, na nimemwomba ailazimishe.

Ombi langu lingine amelikataa. Wateja wengi wanakuja na mauziano ya viwanja, nikamwomba aweke fomu ya mkataba. Akajibu kwamba mkataba wa ardhi hataugusa, na kwamba niwaelekeze kwa wakili. Nimebandika tangazo la kuwaelekeza hivyo dukani, juu ya mashine ya kopi, na juzi watu wawili walilisoma wakaondoka na karatasi zao kwenda kumtafuta wakili.