Picha za Mbwa Mbeya: Studio au Uwazi wa Mlimani?
Anayetaka mbwa wake apigwe picha na mpiga picha mzoefu jijini Mbeya ana njia mbili, na kila moja hudai maandalizi yake. Studio humkinga mnyama na vumbi la kiangazi na baridi ya Juni na Julai, ambayo katika mwinuko wa takriban mita 1,700 si ya mzaha. Lakini sakafu inayoteleza na mwanga wa flashi humshtua mbwa aliyezoea uani, hivyo afikishwe mapema, aachwe anuse kila kona, na flashi iwashwe mara kadhaa huku akipewa vipande vidogo vya nyama kabla ya picha ya kwanza. Kucha zikatwe siku mbili kabla, kwani zikiwa ndefu huzidisha utelezi.

Nje, tuseme chini ya mlima Loleza, kinachohitajika ni kamba imara na saa mwafaka: asubuhi, jua likiwa bado chini, macho ya mbwa mweusi huonekana vizuri, ilhali adhuhuri uso wake hugeuka doa tupu. Aogeshwe mchana wa siku iliyotangulia, maana manyoya mabichi na upepo wa huko havipatani. Wangu, ambaye ni mweusi tii, ningempeleka Loleza bila kusita.