Kingamwili ya PMCA4 kwa Kazi ya Seli Nyekundu za Damu: Ipi Ununue

Mwaka 2012 uchunguzi wa Ghana ulihusisha jeni ya ATP2B4 na kinga dhidi ya malaria kali. Jeni hiyo ndiyo hutengeneza PMCA4, pampu ya utando inayotoa kalsiamu nje ya seli, na kwa maabara za Kisumu, ambako malaria haipoi, ni jambo la kufuatiliwa. Wanaoagiza kingamwili yake, yaani protini ya kuitambua pampu hiyo kwenye sampuli, huuliza bei na kama inafaa kwa bloti, kipimo cha kutenganisha protini kwenye jeli kisha kuitafuta kwa kingamwili. Hawaulizi inashika wapi kwenye protini, na hapo ndipo pesa huliwa bure.

PMCA4b, moja ya maumbo ya PMCA4 (jingine ni a), ina asidi amino 1205, zinazohesabiwa kutoka mwanzo wa protini hadi mkiani. Kalpeni, kimeng'enya kinachoamshwa na kalsiamu, huikata mkia na kubakiza kipande chenye uzito wa kilodaltoni 124 hivi. Kingamwili inayoshika mkia haikioni kipande hicho. Utaandika kwamba mgonjwa ana pampu chache, kumbe ulipasua seli bila EDTA, inayofunga kalsiamu, na mkia ukakatwa mikononi mwako. PMSF, kizuizi cha vimeng'enya vinavyokata protini, peke yake haitoshi kuizuia kalpeni, ongeza leupeptini, kizuizi kingine.

Kwa hiyo ya kwanza kwangu ni kloni JA9 (kloni ni ukoo wa seli unaotoa kingamwili ya aina moja). Inashika asidi amino 51–75, mbali na mkia, na inatambua PMCA4 tu, maumbo a na b. Chukua ya kampuni ya Invitrogen. Naipendelea waziwazi kwa sababu jina la kloni limeandikwa pale pale.

Ya pili ni 5F10, inayoshika 724–783. Ni imara, lakini inatambua PMCA zote nne. Seli nyekundu zina PMCA1 pia, basi swali la ATP2B4 halitajibika kwayo pekee. JA3 (1156–1180) inunuliwe na anayetaka kutenganisha b na a, tena kwa sampuli iliyolindwa vizuri. Poliklonali (mchanganyiko wa kingamwili) za bei nafuu zisizotaja peptidi, yaani kipande cha protini zinachoshika, ziache dukani.

Zote tatu hushika upande wa ndani wa seli. Kwa flosaitometri, kipimo cha kuhesabu seli zinazong'aa, imarisha seli kwa fomaldehidi kisha toboa utando. Seli hai hazitang'aa. Kwa bloti, usichemshe sampuli kwa nyuzi 95: protini hushikamana pamoja na kukwama juu ya jeli. Nyuzi 37 kwa dakika 20 zinatosha, jeli ya asilimia 7.5, na utafute mstari karibu na kilodaltoni 135. Gawa kingamwili angalau mikrolita 10 kwa kila tyubu, nyuzi 20 chini ya sifuri, na si kwenye friza inayojiyeyusha barafu yenyewe.

Kinachokera ni mawakala. Ankara inaandikwa "anti-PMCA" basi, bila kloni wala namba ya kundi la utengenezaji (lot), huku kila mkono ulioipitisha ukiwa umeongeza bei yake. Kifurushi kinafika Kisumu Ijumaa jioni, ofisi zimefungwa, barafu imekwisha. Dai kloni na namba ya kundi ziandikwe kwenye ankara kabla hujalipa, na mzigo uondoke Nairobi Jumatatu. Wakala akikataa kuandika, oda hiyo mpe mwingine.