Icewind Dale kwenye simu: pambano huamuliwa kabla upanga haujachomolewa

Icewind Dale ni mchezo wa mwaka 2000, uliotengenezwa na Black Isle Studios ya Marekani kwa injini (programu ya msingi ya mchezo) ya Infinity, ileile ambayo BioWare ya Kanada iliitumia kwa mchezo wa Baldur's Gate. Toleo ninalolihakiki ni lile lililoboreshwa na Beamdog, liitwalo Enhanced Edition, ambalo lilitoka mwaka 2014 na linachezeka kwenye kompyuta na kwenye simu za Android. Hapa Mtwara mjini nimelicheza kwa njia zote mbili. Mchezaji huongoza kikosi cha watu sita kutoka Easthaven, kijiji cha wavuvi katika nchi ya barafu, hadi Kuldahar, na kutoka hapo huteremka kwenye makaburi, mapango na ngome zilizobomoka, akipigana karibu katika kila chumba. Hadithi yake ni ya kawaida. Kinachoufanya ustahili fedha hata leo ni hesabu ya mapigano yake, ambayo iko wazi kiasi kwamba kikosi kinapoangamia, mchezaji makini anaweza kusoma maandishi yaliyo chini ya skrini, akaona dadu zilivyoanguka, na kujua ni uamuzi gani hasa uliomponza.

Kanuni ni zile za toleo la pili la mchezo wa mezani wa Advanced Dungeons & Dragons. Kila pigo huamuliwa kwa dadu lenye nyuso 20 ambalo mchezo wenyewe hulirusha, na namba mbili ndizo hupambanishwa: THAC0 ya anayepiga, yaani kipimo cha shabaha yake, na daraja la ulinzi la anayepigwa. Zote mbili huwa bora kadiri zinavyoshuka, jambo ambalo huwachanganya wageni kuliko jingine lolote. Ukitoa ulinzi wa adui katika THAC0 yako, unapata namba ambayo dadu linapaswa kuifikia. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza ana THAC0 ya 20, kwa hiyo akimshambulia adui mwenye ulinzi wa 6 anahitaji 14 au zaidi, yaani ana nafasi ya asilimia 35 tu. Akiwa na nguvu ya 18 na ubobezi katika silaha aliyoishika, kila kimoja humshushia THAC0 kwa 1, na nafasi hiyo hupanda hadi asilimia 45. Ndiyo maana saa za mwanzo za mchezo zimejaa panga zinazokata hewa, na wengi huuacha hapo wakidhani una kasoro.

Upande wa kujikinga ndio wenye utamu zaidi. Mtu asiye na deraya ana ulinzi wa 10. Deraya kamili ya chuma, ambayo haipatikani mapema na bei yake si ya mchezo, humshusha hadi 1. Ngao huondoa 1 nyingine, na wepesi wa 18 huondoa 4, hivyo anafikia hasi 4. Chukua adui mwenye THAC0 ya 15: dhidi ya mtu asiye na deraya hupata mara 16 katika 20, dhidi ya deraya peke yake mara 7, na dhidi ya yule aliyekamilika mara 2 tu. Sasa ongeza kipande kidogo tu cha ulinzi, mfano pete inayoondoa 1, na mara 2 inakuwa mara 1, kwa maana kwamba mapigo anayopata yamepungua kwa nusu. Kipande kilekile kingevaliwa na mchawi asiye na deraya, tofauti isingeonekana. Kwa hiyo vifaa vya kinga virundikwe kwa mmoja au wawili wanaosimama mbele, wala visigawanywe kwa usawa kama posho. Dadu likiangukia 20 pigo daima hupata, na likiangukia 1 daima hukosa, kwa hiyo hakuna asiyeguswa milele, na kofia ya chuma, ambayo wengi huiuza, ndiyo inayozuia pigo la 20 lisiwe na madhara maradufu.

Kabla ya yote hayo kuna skrini ya kuumba wahusika, na kwa maoni yangu nusu ya mchezo iko pale. Sifa sita hurushiwa dadu, mchezaji anaruhusiwa kurusha upya na kuhifadhi matokeo mazuri, kisha kuhamisha pointi kutoka sifa moja kwenda nyingine. Anayejua kanuni hazigawi ovyo. Nguvu ya 18 kwa mpiganaji, paladini (shujaa wa dini) au mwindaji huambatana na asilimia yake ya ziada, na anayepata 18/00 huongezewa 3 kwenye shabaha na 6 kwenye madhara, ilhali 18 ya kawaida hutoa 1 na 2. Afya ya 18 humpa mpiganaji pointi 4 za uhai za ziada kila anapopanda ngazi za mwanzo, lakini kuhani, mwizi na mchawi hawapati zaidi ya 2, ambazo tayari hutolewa na afya ya 16. Pointi mbili zinazobaki ziende kwenye wepesi. Haiba inahitajika kwa msemaji mmoja wa kikosi, na paladini, ambaye lazima awe binadamu mwenye haiba ya 17, hufaa kazi hiyo bila kupoteza chochote.

Kisha kuna suala la kuchanganya fani, yaani kazi za wahusika kama mpiganaji au mchawi, ambalo wachezaji hubishania hadi usiku wa manane. Wasio binadamu, kama vile elfi (kiumbe wa hadithi mwenye masikio marefu) na kibeti, huweza kuanza na fani mbili au tatu kwa pamoja, na pointi za uzoefu hugawanywa sawa kati yake. Binadamu huanza na fani moja, akaiacha, akaingia nyingine, kwa sharti la kuwa na angalau 15 katika sifa kuu ya fani ya kwanza na 17 katika ile ya pili, na uwezo wa zamani hulala hadi ngazi mpya ipite ile ya awali. Kwa kuwa fani hazipandi kwa gharama moja (mwizi hufikia ngazi ya pili kwa pointi 1,250, mpiganaji kwa 2,000 na mchawi kwa 2,500), mwizi aliyechanganywa na fani nyingine habaki nyuma sana. Katika mchezo huu mwizi halisi asiye na fani ya pili ni anasa: mitego ipo na inaua, lakini mtego ukishateguliwa, mtu mwenye pointi chache za uhai anabaki akisubiri wenzake wamalize kazi. Mwizi aliye mchawi pia hutegua mtego, kisha akarudi nyuma na kufanya jambo la maana.

Pambano lenyewe huenda kwa wakati halisi, likiwa limegawanywa katika raundi za sekunde 6, na linaweza kusimamishwa wakati wowote ili amri zitolewe. Mlango ni silaha kubwa kuliko upanga wowote: wapiganaji wawili wakiziba mlango, maadui kumi hugeuka wawili, na wapiga upinde walio nyuma, ambao hupiga mishale miwili kwa raundi hata wakiwa wachanga, hufanya mauaji yasiyo na hatari. Uchawi wa usingizi wa ngazi ya kwanza huwalaza maadui dhaifu kundi zima, lakini kwenye makaburi ya Vale of Shadows haufai kitu, kwa sababu wafu hawalali. Mifupa inayotembea pale pia hupunguza makali ya panga na mishale, na kuhani ambaye hadi hapo alidharauliwa kwa kubeba rungu huwa ndiye mhimili. Mpira wa moto, unaotoa dadu moja la nyuso 6 kwa kila ngazi ya mchawi hadi 10, huunguza rafiki na adui bila kubagua. Mchawi akipigwa katikati ya kutamka, uchawi wake hupotea, na alioutumia haurudi hadi kikosi kilale, usingizi ambao nao unaweza kukatizwa na wavamizi. Mchezaji wa bao anayehesabu mtaji kabla ya kunyanyua kete atauelewa upesi kuliko kijana aliyekulia kwenye michezo ya kubonyeza haraka.

Kwetu Ligula tumezoea kuucheza kwa zamu, simu moja ikizunguka barazani, kila mmoja akiwa mwenye mhusika wake na mwenye haki ya kulalamika anapotangulizwa kwenye mtego. Manju wa kikosi chetu anaitwa Sindimba, na nyimbo zake huwasaidia wenzake mradi asiguse silaha. Kwa namna hii ya kucheza, kusimamisha pambano hugeuka mkutano mzima, nami naona ndivyo mchezo unavyostahili.

Kwenye simu kuna tabu ambazo haziwezi kufichwa. Maandishi ni madogo, maelezo ya uchawi na ya vifaa ni marefu, na lugha ni Kiingereza cha vitabu, Kiswahili hakipo. Kidole hufunika wahusika wawili kwa pamoja, na mara nyingi mshale uliokusudiwa kwa adui huwa amri ya kutembea. Mpangilio wa kujisimamisha wenyewe, ambao husitisha pambano adui anapoonekana au mhusika anapojeruhiwa vibaya, uwashwe tangu mwanzo, vinginevyo skrini ndogo haitavumilika. Mchezo pia haufundishi kanuni zake vya kutosha. THAC0 inatajwa kila mahali kana kwamba msomaji alizaliwa akiijua. Kwa faida, hulipiwa mara moja, na ukishapakuliwa hauhitaji bando, hivyo mtandao ukisumbua au umeme ukikatika mchezo huendelea. Faili lake ni kubwa, basi lipakuliwe penye Wi-Fi, na malipo yafanywe kwa kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kupitia pesa za simu.

Kuna mpangilio wa hadithi ambamo wahusika hawafi, lakini sioni sababu ya kuutumia katika mchezo ambao hadithi ndiyo sehemu yake dhaifu. Nyongeza ya Heart of Winter ya mwaka 2001 imo ndani bila malipo ya ziada, nayo ni ngumu. Mwenye laptopu, hata ya mtumba, anunue toleo la kompyuta, kwa kuwa kipanya humaliza tabu zote za kidole. Mwenye simu tu ahakikishe skrini yake ni pana, aanze na wapiganaji wawili, kuhani mmoja, mchawi mmoja, mwizi mmoja mwenye fani ya pili, na manju mmoja, kisha awape wale wa mbele kofia kabla ya kitu kingine chochote.