Namba Tasa ya 1772: Je, Bado Yafaa?

Haya yakhe, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala spika ya kukagua, kuna namba. Muiyone ubaoni: 2147483647. Tarakimu kumi tu. Kwamba ni tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, hayo mulisoma shule ya msingi. Twende.

Imeundwaje? Zidisha 2 kwa 2 mpaka zitimie mbili 31, kisha toa 1. Lakini si kila ukifanya hivyo wapata tasa. Tia 11 badala ya 31: wapata 2047, yaonekana safi, kumbe ni 23 mara 89. Feki.

Ngoja kwanza. Hizo 23 na 89, zitoe 1. 22 na 88. Zote zagawanyika kwa 22, yaani 11 mara mbili. Si bahati hiyo! Kwa namba yetu ni hivyo hivyo: kigawanyo tasa, kama kipo, ukikitoa 1 lazima kigawanyike kwa 62. Sharti la pili: ukikigawa kwa 8, baki liwe 1 au 7. Basi pepeta. 63 si tasa, nje. 249 ni 3 mara 83, nje. Wa kwanza kufaulu ni 311. Kamera karibu, muone kikokotoo... yaingia mara 6905092, baki 35. Imegoma! Na ukifika 46340 waacha, kipeuo chake cha pili kimeishia hapo: kigawanyo kikubwa zaidi lazima kiwe na mwenzake mdogo, na huyo ushamjaribu. Euler, yule mwanahisabati wa Uswisi, alimaliza kazi hii mwaka 1772 kwa migawanyo isiyozidi 372, kwa mkono, tena macho karibu yamekwisha. Mashallah. Kwa miaka mingi haikujulikana tasa kubwa kuliko hii.

Sasa mutaniambia kuna tasa ile iliyotangazwa Oktoba 2024, aliyoigundua Luke Durant: mbili 136279841, toa 1. Tarakimu 41,024,320, kwa kompyuta zilizotapakaa nchi 17. Kubwa, sikatai. Lakini ile ni lori la bandarini; hii yangu ni tuktuk, yapita kila kichochoro cha Mji wa Kale. Na bei? Bure.

Udhia wake mmoja. Programu za zamani za biti 32, yaani ziwekazo kila namba kwa nafasi 32 za 0 na 1, haziwezi kuhesabu kupita hapa, na saa zake zahesabu sekunde tangu 1970. Tarehe 19 Januari 2038 zagonga namba hii, sekunde ya pili zarudi 1901. Nilitaka kuipunguzia alama... lakini makosa ni ya waliojenga, namba yenyewe yatakiwa nini? Tisa juu ya kumi. Aa, kumi.

Ijumaa baada ya isha tuko mubashara, in shaa Allah, na maikrofoni mpya. Wakati huo jaribuni kigawanyo tasa kinachofuata, 1303, muniandikie baki hapo chini. Atakayeleta sifuri, nampeleka Mama Ngina, pale baharini Mombasa, mihogo na madafu juu yangu.