Godoro la mlango wa pikapu: misimu miwili nikibeba baiskeli za milimani

Fremu ya baiskeli yangu ina majeraha mawili. La kwanza nalijua mpaka saa yake: nilianguka kwenye mawe, bega likauma wiki nzima, rangi ikachubuka karibu na pedeli. La pili liko upande wa chini wa fremu, upana wa viganja viwili hivi, na siwezi kulitajia siku. Lilikuja kidogo kidogo njiani, baiskeli ikiwa imelala salama juu ya kitu nilichokinunua ili kiikinge.

Kitu chenyewe ni lile godoro la kuvalishwa mlango wa nyuma wa pikapu. Wauzaji huliita pedi, sisi tumezoea kuliita godoro. Ni kitambaa kigumu kama turubai chenye sponji nene ndani. Unakitundika juu ya mlango uliofungwa kama shuka kwenye kamba ya kuanikia, kisha unakikaza kwa mikanda inayopita kwenye mwanya wa chini ya mlango. Baiskeli inapakiwa nzima nzima: gurudumu la mbele linaning'inia nje, bomba la chini la fremu linalala juu ya godoro, gurudumu la nyuma linakaa ndani ya bodi. Kila nafasi ina mkanda mfupi wa velkro, kile kitambaa kinachonata chenyewe kwa chenyewe, wa kuizungushia fremu. Nimelitumia misimu miwili ya kuendesha, karibu kila wikiendi, lami na vumbi, peke yangu na tukiwa wanne.

Nilianza kama wengi wanavyoanza: baiskeli moja chini, blanketi, baiskeli ya pili juu yake, halafu kamba. Kwa mwendo wa dakika kumi hakuna ubaya. Kwa saa mbili za barabara ya matuta, blanketi linahama na pedeli ya baiskeli ya juu inaanza kuzitafuta spoki za ile ya chini. Kosa langu kubwa lilikuwa kuilaza baiskeli kwa upande wa gia. Kile kibadilisha gia cha nyuma kimeshikiliwa na kipande kidogo cha aluminiamu ambacho kimetengenezwa dhaifu makusudi, kipinde chenyewe kabla ya fremu kupinda. Kilifanya kazi yake. Nilishusha baiskeli, nikapanda, na mnyororo ukawa unarukaruka siku nzima kama mbuzi aliyekata kamba.

Nikahamia kwenye nondo ya kushikia foku, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Nondo hiyo inafungwa kwa kukingama mbele ya bodi. Unavua gurudumu la mbele, unaingiza miguu ya foku kwenye kishikio, unafunga ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu. Kwa uimara sijaona kinachoishinda. Baiskeli inasimama wima kama askari, haigusi mwenzake, haigusi gari. Ningebaki nayo kama isingekuwa hesabu ya urefu. Baiskeli yenye magurudumu ya inchi 29 ina kama mita 1.2 kutoka ekseli hadi ekseli, na gurudumu la nyuma pamoja na tairi lake linaongeza sentimita 37 nyuma ya ekseli. Jumla 1.57. Bodi ya pikapu yangu ya milango minne ina mita 1.5. Zile sentimita saba zilinilazimu kuziweka baiskeli mshazari, na zikikaa mshazari zinaingia mbili, ya tatu inagombana na usukani wa jirani.

Na ekseli nazo hazifanani. Foku za zamani zina ya milimita 9 yenye mkono wa kufyatua. Nyingi za sasa zina ya milimita 15, na hizo za 15 zenyewe zimegawanyika, kuna za upana wa 100 na za 110. Foku za wale wanaoshuka miteremko mikali zina ya 20. Akija rafiki na baiskeli ya namna nyingine, kishikio chako ni chuma tu. Halafu kuna breki za mafuta. Gurudumu likishatoka, mtu asiiguse breki ya mbele, la sivyo uweke kipande cha plastiki katikati ya pedi zake. Mwenzangu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliibonyeza aone kama ina nguvu. Pistoni zinazosukuma pedi zikatoka, pedi zikabusiana, diski ikakosa pa kuingia. Tulikaa nusu saa na bisibisi bapa tukizirudisha nyuma, huku jua linapanda.

Ndipo nikanunua godoro. Siku ya kwanza nilipakia baiskeli kwa muda wa kufunga kamba za viatu, nikajiona nilikuwa mjinga miaka yote ile.

Sasa turudi kwenye lile jeraha la pili. Nilidhani adui wa baiskeli garini ni shimo. Shimo lina kelele, unalisikia, unapunguza mwendo. Adui ni mchanga. Unatoka kuendesha, fremu ina tope lililokauka, unailaza juu ya godoro na kuikaza vizuri. Gari linatetemeka saa mbili. Kati ya fremu na kitambaa kuna chembe za mchanga, na kila mtetemo unazisogeza kiasi kidogo mno. Huo ni msasa. Ukikaza kidogo fremu inacheza na kusaga. Ukikaza sana huku kuna uchafu, unaubana msasa wenyewe uzidi kung'ata. Na upande wa pili wa godoro mambo ni yaleyale: vumbi hujipenyeza kati ya godoro na mlango, na nilipolivua baada ya miezi mitatu nilikuta rangi ya mlango imefifia pale ilipopita mikanda. Hakuna karatasi ya maelekezo iliyonionya. Ile niliyopewa ilikuwa na picha ya baiskeli inayong'aa kama imetoka dukani asubuhi hiyohiyo.

Tangu hapo nina taratibu zangu. Chupa ya maji na kitambaa viko nyuma ya kiti cha dereva. Kabla ya kupakia nafuta upande wa chini wa fremu, hata kama baiskeli yote iliyobaki ni tope tupu. Nimebandika stika ya plastiki nyangavu, ile nene ya kukinga rangi, kwenye fremu na kwenye mlango wa gari pale mikanda inapopita. Na godoro lenyewe nalivua kila mwezi, nalikung'uta, nalisuuza, nalianika. Likibaki limelowa juu ya mlango linashika ukungu, na sponji yake hunywa maji kuliko unavyotarajia.

Kufunga nako kuna mkono wake. Ile velkro inatosha kuizuia baiskeli isiruke, haitoshi kuizuia isicheze. Naongeza mkanda mmoja wa bizimu, ule unaovuta kwa mkono na kuachia, kutoka gurudumu la nyuma hadi kwenye pete ya ndani ya bodi. Mikanda ya racheti nimeiacha kwa ajili ya magunia na friji. Racheti inazidisha nguvu ya mkono wako mara nyingi bila wewe kuhisi, na bomba la kaboni, pamoja na sifa zote za uimara wake, halikutengenezwa kubanwa ubavuni. Ukilisikia limelia, umeshachelewa.

Gurudumu la mbele linaloning'inia nje linageuka na kuzunguka kwa upepo wa mwendo. Dawa yake hainunuliwi: kata tyubu iliyochakaa vipande vyembamba kama mikanda ya saa, kisha funga breki ya mbele kwenye usukani iwe imebonyezwa, gurudumu lisizunguke. (Ndiyo, hapa gurudumu lipo mahali pake, kwa hiyo pistoni hazina ubaya.) Kipande kingine kinalifunga gurudumu kwenye bomba la chini lisigeukegeuke. Shusha siti hadi chini. Geuza pedeli ili zisielekee fremu ya jirani, na ukishindwa, ivalishe soksi kuukuu. Watu hucheka wakiona baiskeli imevaa soksi, nami huwaonyesha fremu zao.

Kabla hujakaza, chungulia nyaya na mipira ya breki. Kwenye baiskeli nyingi inapita ndani ya fremu, lakini kwenye nyingine inapita chini ya bomba la chini, palepale pa kulalia. Mpira wa breki ukibanwa kati ya fremu na godoro kwa saa mbili si jambo la kucheza nalo unapokwenda kushuka mlima. Na baada ya nusu saa ya kwanza ya safari simama ukaze tena. Kitambaa kipya hunyooka, sponji hujishindilia, mikanda inalegea. Nimesimama kila safari, na mara zote nimepata cha kukaza.

Kwenye karatasi godoro langu linabeba baiskeli tano. Tano hizo nataka nizione. Usukani wa baiskeli ya milimani siku hizi una milimita 780 hadi 800, na mlango wa pikapu ya ukubwa wangu unazidi kidogo tu mita 1.3. Nne zinaingia, kwa kupishanisha usukani mmoja juu na mwingine chini. Ya tano inaingia ikiwa mmoja wenu hajali.

Baiskeli ya umeme ni habari nyingine. Yangu ya kawaida ina kilo 15. Ya rafiki yangu ya umeme ina 24, na kuinyanyua hadi juu ya mlango ukiwa peke yako ni kuutafuta mgongo ubaya. Tunatoa betri kwanza, zinapungua kilo tatu au nne hivi, na betri inasafiri ndani ya gari. Bomba lake la chini ni nene kwa sababu ndilo linalohifadhi betri, hivyo velkro ilifika kwa shida, ncha kwa ncha. Tukaongeza mkanda. Za watoto, zile za inchi 20, usihangaike nazo: bomba la chini ni fupi, na gurudumu la mbele likishapita mlango la nyuma linabaki linaelea hewani. Zilaze ndani ya bodi, upande wa gia ukitazama juu.

Kuna mambo mawili ya gari ambayo hakuna aliyeniambia. Mlango haufunguki baiskeli zikiwa juu, kwa hiyo ukisahau pampu na spana ndani ya bodi utazipata kwa kupanda tairi na kuinama kama mwizi kwenye boma lako mwenyewe. Na kamera ya nyuma. Godoro langu lina dirisha la kufunua ili kamera ione, na inaona kweli: inaona spoki. Siku moja nilirudi nyuma taratibu, nikiukadiria ukuta kwa mazoea ya miaka, nikasahau kwamba sasa gari lina nusu mita ya magurudumu inayotangulia. Sikusikia mlio wowote mkubwa. Nilishuka nikakuta ringi ya mbele imepinda umbo la yai, na tairi limechora mstari mweusi ukutani. Tangu siku hiyo mtu mmoja hushuka kuniongoza, na nikiwa peke yangu nashuka mwenyewe, natazama, napanda, natazama tena. Kama namba ya gari lako imebandikwa kwenye mlango wenyewe, jua pia kwamba godoro litaifunika.

Wezi. Godoro si kufuli, ingawa langu lilikuja na kibandiko chenye picha ya kufuli. Velkro inafunguka kwa mkono na mikanda inakatika kwa kisu cha kumenyea matunda. Mimi napitisha mnyororo mgumu wa chuma ndani ya pembetatu ya kila fremu, hadi kwenye pete ya bodi, na kufuli nalilaza ndani, lisiwe hewani pa kupigwa nyundo. Gurudumu usilitegemee, linatoka kwa sekunde chache na kuachwa hapo na kufuli lako. Waya wa chuma uliofunikwa plastiki nao unakatwa na koleo la kawaida. Hata kwa mnyororo, nikisimama kula nakaa pale ninapoliona gari. Usiku baiskeli hazilali nje.

Ningelipa nyota nne. Kwa anayebeba baiskeli yake moja tu, barabara ndefu, bodi ndefu, nondo ya foku bado ni bora. Kwa kundi la watu wanaobadilika kila wiki, kila mmoja na foku yake, sijapata kinacholizidi godoro, ila uwe tayari kufuta tope. Nyota ya tano niliinyima kwa ajili ya mishono. Msimu huu ule wa nafasi ya pili umeanza kuachia, palepale ninapoweka baiskeli yangu siku zote, na sponji imeanza kuchungulia. Fundi wa viti vya magari amesema ataushona upya kwa uzi wa nailoni. Wakati nasubiri nimehamia nafasi ya tatu.