Resurrection Garden Karen, mahali pa kumsalimia Kadinali Otunga
Jumamosi nilimpeleka mamangu Resurrection Garden, bustani ya sala ya Wakatoliki huko Karen, Nairobi, na jamani pametulia, miti kila mahali, unatembea njia ya msalaba polepole mpaka unafika kwa kaburi la Kadinali Maurice Otunga, mtoto wa chifu aliyepadrishwa Roma 1950, akawa askofu 1957 na kadinali wa kwanza Mkenya 1973, na jimbo kuu la Nairobi akaliongoza hadi 1997. Mama aliweka kiganja kwa jiwe akanyamaza kitambo, Otunga ndiye alimpa kipaimara, anasema mkono wa kadinali ulikuwa mwepesi sana. Mimi nililia kidogo. Nendeni asubuhi kabla vikundi vya parokia hazijajaa, na mbebe leso ya kukalia. Nyota tano, tutarudi na watoto.