Kabla hujalipia yoki ya simuleta, pima katikati

Mwaka jana nilitoa shilingi laki saba na nusu kununua yoki, yaani usukani wa kurushia ndege kwenye simuleta nyumbani. Muuzaji ni kijana wa Kariakoo anayeuzia mtandaoni. Chapa sitaitaja, maana ilikuwa imeshatumika na huenda ilipita mikono mingi kabla ya kunifikia. Kwenye picha iling'aa. Ililetwa na bodaboda kwenye boksi lililozungushiwa selotepu, na jioni ile ile nikaifunga mezani, nikawasha programu ya simuleta, X-Plane 12, nikafungua Boeing 737-200 iliyotengenezwa na FlyJSim, ndege niliyopatia ukapteni. Nikajiweka maili kumi magharibi ya uwanja wa Kilimanjaro (KIA), natua njia ya 09.

Anga safi, Mlima uko mbele kushoto mahali pake. Hadi futi 500 nilikuwa na raha. Sauti ya ndege ikahesabu futi zilizobaki, 50, 30, 20, nikavuta kidogo pua inyanyuke. Haikunyanyuka. Yoki ilikuwa imeng'ang'ania katikati. Nikaongeza nguvu, ikaachia ghafla, tk, pua ikaruka juu. Nikasukuma, ikanasa tena, ikaachia tena. Ndege ikapiga lami, ikadunda, ikapiga tena.

Mjukuu wangu wa miaka tisa alikuwa pembeni. "Babu, mbona umeibamiza?"

Pale pale KIA nimetua na ndege ya aina ile ile, abiria zaidi ya mia nyuma yangu, mchana na usiku, mvua na upepo. Swali la mtoto yule liliniuma hadi kulala nikashindwa.

Nilistaafu nikiwa na miaka 65. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, waliongeza ukomo wa umri wa marubani kutoka 60 mwaka 2006, na ile mitano ya nyongeza niliirusha yote. Tangu hapo simuleta ndiyo shughuli yangu ya asubuhi, na vijana wanaosomea urubani hunipigia simu kuuliza wanunue nini. Maswali ni yale yale: ina vitufe vingapi, ina taa, inakubali Xbox? Hayo yameandikwa kwenye boksi, kasomeni boksi. Hajatokea hata mmoja akaniuliza: Kapteni, pale katikati ikoje?

Na kutua kote ni kazi ya pale katikati. 737 inakuja na mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 130 au 140 hivi, kutegemea uzito. Magurudumu yakibakiza kama futi 20 kufika chini, unanyanyua pua digrii 2 au 3, basi. Mkono hauendi mbali. Unavuta kidogo, unaachia, unavuta tena, unaisikiliza ndege. Anayejua kuibembeleza hufanya hivyo kwa vidole, si kwa bega. Sasa kifaa kikiwa kinanasa pale pale ambapo vidole vinafanya kazi, itabidi utumie nguvu kukivusha, na nguvu hiyo ikishakivusha haina breki, inakupeleka kupita ulipotaka. Kijana anayejifunzia kwenye kifaa kama hicho anajifunza kushtua ndege. Siku atakapokaa kwenye Cessna ya chuo, mwalimu atapata kazi ya kumfundisha upya, na saa za kuruka zinalipiwa.

Kwa nini zinanasa? Yoki nyingi za mezani zimeundwa kama droo. Shafti inaingia na kutoka kwenye tundu, ndani kuna springi inayoirudisha katikati. Unaijua droo ya kabati la mbao masika yakianza: unaivuta haiji, ukitia nguvu inakuja yote na vijiko vinamwagika. Ni jambo hilo hilo. Shafti ikisuguana na tundu, au grisi ikikauka, au ukivuta kwa mkono mmoja ikakaa upande, inanasa. Yapo hata makampuni yanayochonga kijishimo makusudi ili usikie umefika katikati. Yoki ya 737 yenyewe si droo. Nguzo yake imeshikwa chini sakafuni na inaegemea mbele na nyuma kama mlango kwenye bawaba. Mlango mzuri unausukuma kwa kidole kimoja.

Kuna ugonjwa wa pili unaofanana na huo, ule wa sensa. Vifaa vingine hupima mwendo wa mkono kwa potenshometa, kile kile kidude kilichokuwa kwenye kitasa cha sauti cha redio za zamani. Wenye umri wangu wanakumbuka: redio ikizeeka, ukizungusha sauti inakwaruza, krr krr. Kwenye simuleta mkwaruzo huo husikii sauti yake, unauona. Mkono umetulia lakini ndege inatikisa pua. Ndiyo maana natafuta sensa ya sumaku, kwa sababu hapo hakuna kinachosuguana na kingine.

Namna ya kupima ni rahisi na haichukui dakika tano. Nenda na laptopu yenye Windows, chomeka kifaa, andika joy.cpl kwenye sehemu ya kutafutia, fungua ukurasa wa majaribio. Utaona alama ndogo ndani ya mraba. Sasa shika yoki kwa vidole viwili tu, vuta polepole kiasi cha unene wa sarafu, huku macho yako kwenye alama. Ikianza kusogea pamoja na mkono wako, vizuri. Ikikaa kimya halafu ikaruka, umeliona tatizo. Achia, iangalie inarudi wapi, kisha sukuma upande wa pili uachie tena. Kama haikurudi pale pale, ukiinunua utakuwa unarekebisha ndege toka Dar hadi Mwanza. Na muuzaji akikwambia "mzee wangu, hiyo unaweka deadzone tu kwenye setingi", mjibu kwamba kuweka eneo bubu katikati ni kuongeza ugonjwa, si kuutibu.

Sasa vifaa ninavyovipendekeza. Namba moja yangu ni Thrustmaster TCA Yoke Boeing Edition, na sifichi kwamba naipendelea. Imetengenezwa kwa leseni ya Boeing kwa kufuata umbo na vipimo vya usukani wa 787. Hilo la umbo halikunivuta sana. Kilichonivuta ni kwamba ndani wameachana na ile droo. Usukani umening'inizwa kwenye mkono unaobembea kama pendulamu, kwa hiyo unapovuta hakuna shafti inayokwaruza tundu. Mara ya kwanza nilipoivuta nilisimama kidogo, nikairudisha, nikaivuta tena, kwa sababu sikuisikia ikipita katikati. Ilipita tu. Wiki hiyo nilitua Kilimanjaro, nikatua Mwanza, nikatua Nairobi kule juu kwenye futi elfu tano na mia tatu, na pua ilinyanyuka kila nilipoiomba. Ubaya wake ni ukubwa. Ni nzito, inataka meza pana na imara, na bei ni ya kukaa chini na familia mkazungumza.

Namba mbili ni Honeycomb Alpha. Hii bado ni ya shafti, lakini usukani unazunguka digrii 180, na ina swichi za betri, taa, na ufunguo wa kuwashia injini kama Cessna. Kwa anayejifunzia ndege ndogo nisingemkataza. Apime tu katikati kabla ya kulipa, hasa kwa kuvuta na mkono wa kushoto peke yake, maana ndivyo atakavyotua, wa kulia ukiwa kwenye nguvu za injini.

Namba tatu itawashangaza wanaonijua, maana mimi ni mtu wa Boeing: ni TCA Sidestick ya Airbus, kijiti cha kushika kwa mkono mmoja, ya Thrustmaster hao hao. Sababu ni hii. Kwenye 737, ukivuta yoki na kuishikilia, mzigo unausikia mkononi, kisha unatrimu, yaani unarekebisha mkia wa ndege uubebe mzigo huo, hadi unaondoka mkononi. Yoki ya mezani haiwezi hilo, springi yake haina habari na trimu. Inabidi ushikilie, utrimu kidogo, uachie polepole, utrimu tena, na kila anayetoka kwenye ndege halisi hukosea hapo siku za mwanzo. Lakini Airbus halisi kijiti chake kina springi, na katika hali ya kawaida ndege inajitrimu yenyewe. Kwa hiyo ukirusha A320 ya Fenix na kijiti hiki, mkono wako unapata karibu kile kile anachopata rubani wa Airbus kazini. Sensa zake ni za sumaku. Kwa bei yake sioni cha kukishinda.

Zipo pia yoki zenye mota zinazorudisha nguvu mkononi, kama za Brunner wa Uswisi na MOZA AY210. Hizo trimu inasikika. Mwenye uwezo anunue.

Logitech Flight Yoke inazunguka digrii 90 jumla, yaani 45 kila upande, na kwa mtu wa ndege kubwa hiyo ni finyu mno. Joistiki ya Logitech Extreme 3D Pro inamtosha mwanafunzi asiye na kitu. Chini ya hapo, weka akiba.

Sasa niseme la bei, kwa sababu hapa ndipo moyo unaponiuma. Kijiti cha Airbus kilipotoka mwaka 2020 kiliuzwa kama dola 70. Mimi niliulizia hapa mjini nikatajiwa laki nne na nusu, baada ya kuandikiwa "njoo inbox" mara mbili. Kwa nini bei iwe siri? Ukimuuliza mwenye duka la mchele bei ya kilo, anakujibu mbele ya watu wote. Huyu anataka kwanza akusikie unaongeaje, ajue una umri gani, ndipo akutajie. Nikamwomba nije na laptopu niipime. "Mzee, tukifungua boksi imekuwa used." Basi nitajuaje kama inanasa? Na risiti yenyewe imepigwa mhuri kabisa: mali ikishauzwa hairudishwi.

Najua mzigo una gharama. VAT ni asilimia 18, na wasafirishaji wa haraka huangalia pia ukubwa wa boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawe kwa 5,000, hizo ndizo kilo utakazolipia zikizidi uzito halisi. Boksi la yoki limejaa hewa na sponji, kwa hiyo unasafirisha hewa kwa bei ya chuma. Hilo nalielewa, na muuzaji akinionyesha hesabu yake nitamlipa faida yake bila kinyongo. Nisichokubali ni mtu kuongeza zaidi ya mara mbili kwenye kijiti kinachoenea kwenye begi la mgongoni, kisha akuzuie kukigusa.

Yangu ya Boeing aliniletea binti yangu anayeishi Uingereza, ikala begi lake zima, nguo zake akazigawa kwa wenzake aliosafiri nao. Ile ya Kariakoo nilimpelekea fundi redio wa mtaani kwetu. Akaifungua, akatoa grisi iliyokauka kama ulimbo wa fenesi, akapaka ya silikoni. Imepungua kunasa, haijaacha. Mjukuu anaitumia kwa kuruka tu, kutua namkataza mpaka ahamie kwenye yangu.

Mawili ya mwisho kwa wanaoenda kununua wiki hii. Meza ya kioo haifai kufungia yoki yoyote, yangu iko kwenye meza ya mninga na hata hiyo nimeweka kipande cha mpira chini ya klampu. Na pedali za miguuni kwenye sakafu ya vigae zinakimbia ukikanyaga breki, zitandikie mpira wa kukanyagia wa gari. Aliyeko Dar anayenifahamu na anataka kuishika yoki yangu kabla hajatoa hela, aje Jumamosi asubuhi na laptopu yake, tufungue joy.cpl pamoja.